Jumapili Moja Kwenye Mbio za Farasi

Mhariri ametuomba tuandike juu ya siku moja ya kutoka nje ya kambi. Najua wengi wataandika juu ya harusi au hospitali. Mimi pia nilikwenda Nairobi kwa ajili ya hospitali, lakini siku ninayotaka kuwasimulia niliimaliza nikitazama farasi wakikimbia.

Ilikuwa mwaka 2015. Jicho langu la kushoto lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, nikapewa rufaa pamoja na kibali cha kusafiri. Safari ile mnaijua: Lodwar, Kitale, vizuizi vya barabarani, kila mahali unatoa karatasi zako na kuzirudisha mfukoni polepole kama unabeba mayai. Nilifika Jumamosi, na miadi ya daktari ilikuwa Jumatatu. Nikalala Kawangware kwa yaya wangu.

Wenzangu wa Kenya msicheke. Kwetu Kongo yaya ni ndugu yako mkubwa, siyo dada wa kulea watoto. Yaya huyu hatukuwa tumeonana tangu 2008, na haikuwa kwa sababu ya vita peke yake. Nitaeleza.

Nairobi alikuwa amepata kazi ya usaisi, yaani kuchunga farasi wa mbio: kuwalisha, kuwasugua, kutoa samadi, kuwatembeza alfajiri. Jumapili asubuhi aliondoka gizani. Aliniambia farasi wake mmoja anakimbia mbio ya nne, nije saa saba kumtazama. Nilipanda matatu ya Ngong Road, tukaupita uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, nikashuka kwenye lango la mbio. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1954, zama za wazungu, na ukiingia unaona kwamba haukujengwa kwa ajili ya mtu mwenye sandali kama zangu. Majani ya kijani kibichi, msitu nyuma, na katikati ya njia ya farasi watu wanacheza gofu! Lakini Jumapili ile watu wa kila namna walikuwepo, akina mama na watoto wao, vijana wa Kibera, wahindi wazee wenye kofia, na hakuna aliyeniuliza karatasi. Jambo hilo nililishangaa kuliko farasi.

Yaya nilimkuta amekaa kwenye ngazi za jukwaa, bila farasi.

"Hakimbii leo," akasema. Alfajiri, wakati wa kumshika miguu, alisikia joto kwenye mguu wa mbele wa kulia, chini ya goti. Joto kidogo tu. Hakuwa anachechemea. Yaya alimwita mkufunzi, mkufunzi akamwita daktari wa mifugo, na jina la farasi likafutwa. Mwenye farasi alikuwa amekwisha kualika wageni kutoka mbali, akanuna sana. Na saisi hupata chochote farasi wake akishinda, kwa hiyo yaya naye alikuwa amejikata mwenyewe mfuko.

"Sasa kwa nini hukunyamaza?" nikamwuliza.

Hakujibu. Akaninunulia chai.

Basi tukatazama mbio za wengine. Acha niwaeleze zinavyokwenda, maana nilipokuja hapa na kusimulia, watu walidhani nilikwenda kwenye sarakasi. Kwanza farasi wanazungushwa katika kiwanja kidogo, kila mmoja na saisi wake, watu wamesimama pembeni wakiwachungulia kama wanunuzi wa ng'ombe. Wengine wanatazama misuli ya nyuma, wengine jasho, wengine masikio. Kisha wanaingia wapanda farasi, watu wembamba wafupi wenye mashati ya rangi kali, kila mwenye farasi na rangi zake. Kabla ya mbio wanapimwa kwenye mizani pamoja na tandiko, na baada ya mbio wanapimwa tena, asije mtu akatupa uzito njiani. Farasi aliyezoea kushinda huongezewa mzigo ili wengine nao wapate nafasi. Mpanda akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, wanapachika vipande vya risasi kwenye tandiko. Risasi hii ni yale madini mazito, siyo ile tunayoijua sisi.

Mzee mmoja wa Darfur tunayepanga naye foleni ya maji alichukia sana nilipomwambia habari ya uzito huo. Kwao Nyala watu walikuwa wakijaa kutazama mbio, na yeye alikuwa na farasi kabla ya kupoteza kila kitu. "Farasi mwenye mbio unamwadhibu kwa sababu gani?" aliniuliza. Mpaka leo ananiuliza.

Mbio ya pili ilikuwa mita 1200. Farasi waliingizwa kwenye vizimba vya kuanzia, mbali upande wa pili, halafu milango yote ikafunguka mara moja. Mwanzoni husikii kitu. Unaona tu rangi zinateleza juu ya majani, kama watu wameketi kwenye mtumbwi. Wakishakata kona ndipo unasikia kwato, na unazisikia miguuni kabla ya masikioni, ubao wa jukwaa unatetemeka. Wakati huo watu wote wamesimama, mzee wa kihindi anapiga kiti kwa gazeti, mama mmoja anaita namba yake kama anamwita mtoto aliyeelekea barabarani. Muda wote ni kama dakika moja na kidogo. Ukiinama kufunga sandali umekosa.

Mimi nilifunga macho. Nasema kweli. Mtetemo ule ulinirudisha Kibumba.

Kwetu Kibumba, juu ya Goma kwenye barabara ya Rutshuru, hatukuwa na farasi. Tulikuwa na chukudu. Kwa wasiojua, chukudu ni kama baiskeli ya mbao mtupu, ndefu kuliko mtu, haina pedali wala kiti. Magurudumu ni ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi. Unapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma ardhi, na kwenye mteremko unasimama na kuiacha iende. Breki ni kipande cha tairi unachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Inabeba magunia ya viazi, kabichi, makala, kuni, mzigo ambao hata punda wa Turkana angeukataa. Familia yenye chukudu inakula. Mwaka 2009 waliijengea hata sanamu mjini Goma, na walifanya vizuri.

Vijana wa Kibumba waliteremka kwenda soko la Goma asubuhi, na wasipokuwa na mzigo walishindana. Njia ni ya mawe ya volkano, mlima Nyiragongo uko kulia kwako, na chukudu ikishika mbio haisimami kwa urahisi. Mimi nilikaa nyuma ya yaya mara nyingi. Magurudumu yalilia, mtetemo ukakuingia mpaka kwenye meno, na ukinusa harufu ya mbao kuungua unajua sasa ni mbio kweli.

Mwezi wa nane 2008 yaya alishindana na kijana wa kijiji cha jirani, na kila mmoja aliweka chukudu yake. Anayefika Kibati kwanza anachukua zote mbili. Ilikuwa chukudu ya baba, yaya alikuwa anaiendesha tu. Siku ile hakunibeba. Jioni alirudi kwa miguu.

Mwishoni mwa Oktoba vita vilifika Kibumba. Watu wote walikimbilia chini, Kibati na Goma, usiku na mchana. Koko wetu, yaani nyanya mzaa baba, alikuwa amevimba miguu, hawezi kutembea hata kufika kisimani. Tuliona wengine wanapita na wazee wao juu ya chukudu, wamefungwa na vitenge wasianguke. Baba alijaribu kumbeba mgongoni. Walifika kwenye mti wa pili. Koko mwenyewe alisema arudishwe nyumbani, kwamba mwanamke mzee hana anayemtafuta, na jirani mmoja aliyebaki atamwangalia. Tulimwachia maji na viazi vya kuchemsha. Tuliporudi katika mwezi wa kumi na moja, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kule Kibati, mbele za watu, baba alimwambia yaya neno ambalo sitaliandika katika jarida la familia. Yaya aliondoka usiku huo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nililikubali neno la baba. Nililibeba nilipovuka Uganda mwaka 2012, nikafika nalo Kakuma.

Nilipofungua macho mbio ilikuwa imekwisha na watu wanachana tikiti. Yaya ananitazama.

"Unataka kucheza?" akauliza.

Hapo niwe mkweli tena. Nilitaka. Nilikuwa na fedha za dawa na nauli ya kurudi, na kichwani nilishaanza kuzizidisha mara nne, mara tano. Yaya alinieleza jinsi dirisha lile linavyofanya kazi: fedha za watu wote zinawekwa pamoja, wenye uwanja wanakata sehemu yao kwanza, kinachobaki wanagawana walioshinda. Farasi akipendwa na wengi, hata akishinda unapata kidogo. "Yule anayekata kwanza," akasema, "ndiye pekee anayerudi nyumbani na hakika." Nikamwuliza yeye huwa anamchezea nani. Akasema tangu aanze kazi pale hajakaribia dirisha.

Niliweka shilingi mia moja juu ya namba sita, kwa sababu alikuwa ametulia wakati wa kuzungushwa na mpanda wake alivaa shati la njano ninaloweza kuliona. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Njano yangu ilikuwa ya pili kwenye kona, ikawa ya kwanza, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Kumbe mashati ya njano yalikuwa mawili! Namba sita alifika wa saba. Jicho lile lilinigharimu mia moja, na yaya alicheka mpaka akajishika mbavu. Kicheko kile sikuwa nimekisikia kwa miaka saba, nikacheka naye.

Akanyamaza. Halafu akasema, akiangalia majani:

"Gurudumu la mbele lilikuwa limepasuka. Ile siku, mudogo wangu. Nililiona asubuhi."

Sikuuliza siku gani.

Alisema ufa ulikuwa umefika katikati, kwenye tundu la ekseli, na fundi alitaka dola kumi na tano ambazo hatukuwa nazo. Aliona aibu kumwambia baba. Chukudu ya yule kijana ilikuwa mpya. Akafikiri, nikishinda nitarudi na nzima, baba asijue lolote. Gurudumu lilimwachia kabla ya kona ya mwisho. "Hata ningekataa kushindana," akasema, "Koko asingefika nalo Kibati."

Ndugu wasomaji, nimelifikiria neno hilo kwa miaka mingi sasa. Mtu aliyekosa huwa na muda wa kutengeneza hadithi yake. Na hata kama ni kweli, gurudumu lingeweza kutengenezwa kati ya mwezi wa nane na wa kumi, kama chukudu ingekuwepo ya kutengeneza. Hilo nililitaja palepale. Akasema, "Najua." Hakujitetea zaidi. Lakini nilikumbuka pia ule mguu wa farasi, ule joto kidogo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelisikia.

Tulibaki mpaka mbio ya mwisho. Jioni alinipeleka mabandani, nikamwona farasi wake. Mnyama mkubwa, shingo yangu ilichoka kumtazama. Alikuwa amefungwa bandeji mguuni, na yaya alimsemesha Kiswahili cha kwetu, "tulia papa, tulia," akapitisha kiganja kwenye mguu ule kutoka juu mpaka chini, mara mbili.

Jumatatu alifuatana nami hospitali. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja jina langu, alitoa mfukoni kile kijitabu cha mbio cha jana, akakigeuza upande usioandikwa kitu, akanipa na kalamu.

"Wamemlaza wapi?" akauliza.

Nikamchorea. Nyumba yetu, barabara, ile mikaratusi mitatu, ukuta wa mawe wa jirani. Niliweka alama. Akauliza kichwa kimeelekea upande gani, nikamwambia upande wa mlima. Alikiangalia kwa muda mrefu, akakikunja mara nne na kukitia katika mfuko wa shati, kisha wakaita jina langu.