Nilimwita Mwanangu Mwizi

Vuli moja nilimwita mwanangu mwizi mbele ya watu, na hakuwa mwizi. Hakuchukua hata konyo moja la karafuu. Kosa hili nimeshalikiri kwake na kwa wale waliolisikia, na sasa naliandika, kwa sababu kila msimu wa karafuu Pemba nzima ina watoto waliokabidhiwa majamvi wayalinde, na ina baba wenye haraka ya kuhesabu kama niliyokuwa nayo mimi.

Nianze na ardhi yetu, maana kosa langu lilianzia hapo. Micheweni si nchi ya karafuu. Ukitoka Wete ukaipita Konde kuja kwetu, udongo mzito unakwisha kidogo kidogo, mpaka unajikuta unakanyaga jiwe la matumbawe. Muhogo, mtama na kunde tunavipanda kwenye vishimo vya udongo baina ya majabali. Wanaume wengi huvua, na wanawake hulima mwani. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba jina la Zanzibar kwa karafuu, lakini sifa hiyo ni ya vilima na mabonde ya magharibi na ya kati. Sisi wa maweni tumekuwa wachumaji wa mashamba ya wenzetu. Msimu ukifika tunakwenda kuchuma kwa pishi, tunalala kambini, tunarudi na kilichobaki baada ya kula.

Mwaka ule nilitaka niwe na karafuu zangu mwenyewe. Niliuza ng'ombe, nikakodi mikarafuu kwa mzee mmoja wa upande wa Konde. Kukodi ni kununua zao likiwa bado mtini: unaitazama miti, mnapatana bei, na kuanzia hapo faida ni yako na hasara ni yako. Mzoefu huukadiria mti kwa kuuzunguka tu. Mimi mvuvi niliitazama ile miti, nikaona wekundu wake unavutia, nikatoa fedha.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili, na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yake. Sauti ilikuwa imeshakuwa nzito na kimo chake kimeshanipita. Siku zisizo za skuli alipanda mikarafuu pamoja nami. Siku nyengine nilimkabidhi kazi ya kuanika na kuanua, na nilimkabidhi kwa sababu niliiona ni kazi ndogo.

Si ndogo. Karafuu ikipata jua la kweli hukauka kwa siku nne au tano hivi. Vuli haikupi jua hilo. Asubuhi kunachoma, mchana wingu linatanda, usiku wa manane inanyesha. Karafuu mbichi ikilowa, au ikilundikwa ikakaa na joto lake, inachacha, inafanya weupe na kusinyaa, na ukiifikisha kwenye kituo cha ununuzi daraja limeshuka. Lazima awepo mtu wa kuisikiliza mvua. Mwanangu alihamishia madaftari yake barazani, ubavuni mwa majamvi, akawa anasoma kwa tochi. Likidondoka tone la kwanza anainuka, anaanua, anaingiza ndani. Alfajiri anaanika tena, ndipo anakwenda skuli, na mchana mama yake anaziangalia asipokuwa mwanini. Yote haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule niliamka kila siku nikazikuta karafuu zimesalimika, nikadhani zinasalimika zenyewe.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Niliazima mizani ya kupimia mwani, nikawa napima mavuno jioni yakifika kutoka shamba, vishada vizima, karafuu pamoja na vijiti vyake, yaani makonyo. Jumla nilipata kilo 120. Kambini niliwahi kusikia watu wakisema karafuu ikikauka hupoteza nusu. Basi nikaandika ukutani kwa mkaa: 60. Wakati ule ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ilikuwa ikinunua daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kilo moja. Nikazidisha, ikaja 840,000. Fedha ile niliigawa yote kabla sijaishika: deni la nyavu, deni la duka, mabati ya jikoni. Zilipokauka, zikivunjwa zinalia, nikazipima tena. Zilikuwa kilo 31.

Asiyekulia Pemba anaweza kushangaa kwa nini akili yangu ilikimbilia wizi. Kisheria mnunuzi wa karafuu wakati ule alikuwa ZSTC peke yake, lakini bahari ya kaskazini iko wazi na pwani ya Kenya haiko mbali. Kwa miaka mingi, hasa ile ambayo bei ya Mombasa ilikuwa juu kuliko ya kwetu, karafuu zilivushwa usiku kwa mashua. Ziliwekwa adhabu kali mno, askari wakalala fukweni, na bado zilivuka. Bei ya mkulima ilipopandishwa sana mwaka 2011 biashara hiyo ilipoa, lakini maneno yake hayakupoa. Kwetu kilo zikipungua, swali la kwanza ni nani kazipeleka pwani. Nimelisikia swali hilo tangu mdogo, na siku ile lilinitoka bila kulifikiria.

Tena mwanangu alikuwa na njumu mpya. Nilimwona nazo kiwanjani wiki ile ile. Sikumuuliza kazipata wapi. Nilikaa na lile neno la wizi moyoni siku mbili tatu, nikilitazama kila anapopita, na kadiri nilivyolitazama ndivyo lilivyokuwa kweli kwangu.

Mama yake nilimwambia kwanza. Yeye amelima mwani tangu hajaolewa. Aliniangalia akasema: "Baba watoto, mwani wangu ukitoka majini tunaubeba watu wawili, ukikauka naubeba peke yangu. Mbona huniulizi nani kauiba?" Nilimjibu kwamba mwani si karafuu, anyamaze. Alikuwa amenipa jawabu zima mkononi, nikalitupa kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye sikuzowea kumuuliza habari za fedha kubwa. Hilo nalo naliungama.

Usiku ule baada ya Isha tulikaa barazani, mimi na majirani, na vijana wenzake wako hapo hapo wakichezea simu. Nilimwita. Nikamuuliza kwa sauti, watu wote wasikie, karafuu kampelekea nani na kwa boti ya nani. Akasema, "Baba, sikuchukua hata moja." Nikamwambia, na njumu je? Akasema njumu kanunua kwa fedha za pweza, alizochokoa mwambani bamvua lililopita, na aliyenunua pweza yupo, niende nikamuulize. Nikasema mwizi hakosi maneno. Hapo akaapa. Mwanangu haapi ovyo. Mimi ndiye niliyemfundisha tangu yuko chuo cha Kurani kwamba jina la Mwenyezi Mungu halichezewi. Nilimkatiza kiapo chake katikati. Nikamwambia asiongeze dhambi juu ya wizi.

Kati ya yote niliyoyasema usiku ule, hilo ndilo linalonirudia. Mtoto alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kujitetea, na nilichomlea nacho mwenyewe, na nikamnyang'anya mbele ya marafiki zake.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika, na hakuna mgeni ambaye angeona kitu. Hakunijibu vibaya hata siku moja. Alichota maji, alikwenda skuli, alikwenda chuoni. Nikimwita aliitika "labeka", nikimtuma alikwenda. Lakini sinia likitengwa alikuwa amekwisha kula, au hana njaa, au anakwenda kusoma kwa mwenzake. Akaanza kulala kwenye kibanda cha vijana nyuma ya nyumba ya jirani. Nilisema ni kiburi cha ubarobaro. Wazazi tunalipenda sana neno hilo. Mtoto wa umri ule akinyamaza, tunasema umri ndio unaonyamaza, na hapo hatuna tena haja ya kujiuliza tumemfanya nini.

Ukweli ulinikuta Konde. Nilikwenda kwa yule mzee aliyenikodisha miti, nimejaa hasira, kumweleza kwamba nimeibiwa nusu ya mali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja: kilo 120 nilizipima zikiwa zimechambuliwa, au na makonyo? Nikamwambia na makonyo. Akatikisa kichwa, akanifanyia hesabu bila karatasi. Toa makonyo, karibu robo ya uzito imekwenda. Kinachobaki ni maji zaidi ya karafuu. Kilo tatu mbichi ukipata moja kavu, ushukuru. Akasema, "Na kwa vuli hii, kilo 31 bila daraja kushuka! Wewe una mlinzi mzuri. Nani alikuwa akianua?"

Sikuweza kumjibu. Niliaga nikaondoka.

Mpaka hapo ni kosa la mtu asiyejua, na msomaji anaweza kunihurumia. Kinachofuata hakina huruma, kwa sababu sasa nilikuwa najua. Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Siku zikapita, wiki zikapita, na sikumwambia mwanangu hata neno. Badala yake nilipouza karafuu nilimnunulia sare mpya ya skuli na begi, nikampa mama yake ampelekee. Nilijiambia atafahamu. Mama yake akaziweka mezani, akasema: "Sare zake hukuzitukana. Uliyemtukana ni yeye." Hata hapo sikuondoka kwenye kiti. Niliona aibu, na aibu ile niliipa jina la heshima: mzazi haombi radhi kwa mtoto, mtoto ndiye anayetafuta radhi za mzazi.

Neno hilo tumelelewa nalo, na sikatai kwamba radhi za wazazi ni jambo kubwa. Lakini hakuna aliyetufundisha kwamba mzazi hawezi kudhulumu. Kinyume chake tumefundishwa, sote, chuoni, tukiwa wadogo kuliko mwanangu: haki ya mja aliyedhulumiwa haifutiki kwa sala wala kwa toba ya kimya, mpaka mwenyewe asamehe. Kumsingizia mtu jambo asilolifanya ni buhtani, na hakuna mstari unaosema isipokuwa akiwa mwanao. Nilikuwa nikisali sala tano na kuleta istighfari, na haki ya mtu iko kwangu, mtu mwenyewe yuko hatua chache anasomea mtihani wake kwenye kibanda cha watu.

Mwisho nilimwambia. Nilimfuata kibandani alasiri moja, nikamweleza hesabu yote, makonyo na maji, na alichosema mzee wa Konde, na kwamba nimelijua hili muda mrefu nikanyamaza. Nikamwambia, "Niwie radhi, mwanangu." Alikaa kimya, kisha akasema, "Wale wa barazani wanajua?" Nilikuwa nimetumaini hataliuliza.

Usiku ule nikalisema barazani, baada ya Isha, kwa sauti ile ile. Si wote waliofurahi. Mzee mmoja alinivuta kando akaniambia namharibu mtoto, kesho atanipanda kichwani. Namheshimu mzee yule, na kwa hili simkubalii. Nilipomtukana mwanangu hakuna aliyenivuta kando. Kijana aliyesafishwa jina lake hapandi kichwa cha mtu. Aliyeachwa na jina la wizi akiwa na miaka kumi na mitano ndiye anayetafuta boti ya kuondokea, na kwetu boti za kwenda dago, kambi za wavuvi za mbali, hazikosekani.

Mwanangu alisema mbele yao kwamba amesamehe. Tulipokuwa peke yetu akaongeza: "Lakini mwakani, baba, karafuu alinde mwengine." Nikamkubalia. Amerudi kula sinia moja nasi, ingawa kibandani bado analala, na mimi simwambii arudi. Neno nililolitoa limechukua kitu chake na sina uwezo wa kukirudisha kwa kuomba radhi mara moja.

Nawaomba baba wenzangu mlio na karafuu majamvini vuli hii, mlio na mwani, mlio na duka mnalomwachia mtoto: pimeni baada ya kuchambua, mkaulize wanaojua, na muwasikilize mama zao. Na kama mmeshalitoa neno, na mmeshajua kuwa halikuwa kweli, msitume sare wala fedha. Nendeni wenyewe kwa mtoto, kisha mrudi pale pale mlipolitolea, mbele ya watu wale wale, leo usiku kama hamna safari.