Kasulu: Watoto Walipoingia Msituni

Msafiri anayefika Mkoa wa Kigoma kwa mara ya kwanza huwa na macho ya ziwa. Huzuru Ujiji, hupanda mashua kwenda Gombe kuwaona sokwe, kisha hurejea kwao akiamini kwamba ameuona mkoa wote. Ni wachache wanaojitaabisha kupanda milima kwenda Kasulu, na ni wachache zaidi wanaoendelea mbele hadi Kibondo. Hao wachache hukuta nchi ya baridi, yenye udongo mwekundu, migomba na mashamba ya maharage. Na pale mashamba yanapokoma, huanza miombo.

Safari hii sikwenda peke yangu. Nilifuatana na watoto 14 wa kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi, pamoja na walimu wao 3 na mama mmoja mlezi. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili, na binti mmoja mwenye ualbino. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua zimekwisha anza. Tulitoka Kasulu alfajiri kwa gari la kukodi, tukaishika barabara iendayo Makere na Kibondo, na jua lilipochomoza tulikuwa tumekwisha simama kando ya msitu. Mzee mmoja mfugaji wa nyuki alikuwa akitungoja na fimbo yake.

Huenda msomaji akauliza: watoto wa Buha, waliozaliwa katikati ya miti, wana haja gani ya kupelekwa kuiona miti? Hata mimi niliuliza hivyo. Mwalimu mkuu wa msafara alinijibu kwamba watoto wengine hujifunza msitu kwa kutumwa kuni, kuokota uyoga na kuwafuata kaka zao kwenye mizinga. Mtoto mwenye ulemavu hatumwi. Huachwa nyumbani, mara nyingi kwa huruma, na huruma hiyo humnyima yale ambayo wenzake huyapata bila kufundishwa. Kumbe mtu aweza kuzaliwa karibu na msitu akawa mgeni wake.

Kazi ya kwanza ya walimu ilikuwa kufunga kamba ya katani kutoka mti mmoja hadi mwingine, katika mzunguko, na kupiga fundo karibu na kila mti. Mtoto asiyeona aliishika kamba, akatembea pasipo kushikwa mkono, na alipogusa fundo alijua kwamba amefika. Mvulana mmoja alisimama kwenye fundo la pili akaokota tunda kavu la mninga. Tunda hilo ni bapa na la mviringo kama kisahani, lina ukingo mwembamba kama karatasi, na katikati yake pana miiba. Aliligeuzageuza mkononi, akacheka, akasema, “Hili limevaa kofia ya nungunungu.” Mimi nimeyaona matunda ya mninga miaka mingi, na sikuwahi kuliwaza neno hilo.

Mzee alituonyesha mizinga yake. Nchi hii ya Kasulu na Kibondo inajulikana kwa asali, na kwa desturi mizinga ilichongwa kutoka kwenye magogo au kutengenezwa kwa magome ya miti. Alitueleza kwamba mti uliochunwa gome pande zote hufa, kwa hiyo mzinga wa gome ni mzinga ulioua mti. Ndiyo sababu wafugaji wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao. Kisha akaweka chini mzinga mtupu wa gogo, akaupiga kwa fimbo. Binti mmoja kiziwi aliwaona wenzake wakiinua vichwa, akajua kwamba kuna jambo limetokea ambalo yeye halikumfikia. Mzee hakujua lugha ya alama. Aliushika mkono wa binti, akaulaza juu ya gogo, akapiga tena. Uso wa mtoto ulibadilika. Akaiomba fimbo kwa ishara, akapiga mwenyewe mara tatu, mkono mmoja ukipiga na mwingine ukisikiliza.

Chini ya mikusu matunda yalikuwa yameanza kuanguka. Mvulana mmoja mwenye ulemavu wa akili aliokota kofia tele, akatuzungukia, akimpa kila mtu moja: watoto wenzake, walimu, mlezi, dereva, mzee na mimi. Watu 20, wala hakumsahau hata mmoja. Dereva alipomnyoshea mkono mara ya pili kwa mzaha, alimkatalia. Mwalimu wake aliniambia kwa sauti ya chini, “Darasani hesabu humshinda.” Hakusema zaidi, nami siwezi kudai kwamba msitu humponya mtoto au kwamba darasa halina faida. Nasema tu kwamba siku ile tulimpima kwa kipimo kingine, akatosha.

Sasa nimtaje yule binti mwenye ualbino. Wote waliposhuka garini, yeye alibaki amekaa, kofia pana kichwani na mikono mirefu ya gauni ikimfunika hadi viganjani. Mlezi alipomwita, aliuliza swali moja: “Humu hamna watu?”

Hakuuliza juu ya nyoka wala fisi. Aliogopa watu, na hofu hiyo ina historia. Kuanzia kama mwaka 2007, watu wenye ualbino, na hasa watoto, walivamiwa na kuuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi kwa sababu ya ushirikina wa kutafuta utajiri. Hapo ndipo Shule ya Msingi Kabanga, wilayani Kasulu, ilipokuwa kimbilio la watoto waliokimbizwa kutoka makwao. Watoto niliofuatana nao hawakutoka huko, lakini habari zile wanazijua. Uzio uliokoa maisha, na hakuna mwenye akili atakayeulaumu. Lakini mtoto anayekulia nyuma ya uzio hufunzwa pia kwamba ulimwengu wa nje ni adui.

Ajabu ni kwamba kivuli cha miombo kinamfaa mtoto huyo kuliko uwanja wa shule. Jua huunguza ngozi yake na huweza kumletea saratani. Mwanga mkali huyaumiza macho yake, ambayo tangu hapo huona kwa shida. Chini ya miti, asubuhi, angeweza kulisogeza jani karibu na jicho na kuisoma mishipa yake. Mlezi hakumlazimisha. Alikaa naye garini zaidi ya saa mbili, mlango ukiwa wazi. Saa ya mwisho binti alishuka. Aliishika kamba kama wenzake wasioona, akaenda fundo la kwanza, la pili, la tatu. Hapo akasimama, akaliangalia jani moja kwa muda mrefu, akarudi. Mwalimu aliandika katika daftari lake: “Mti wa tatu.”

Kwa jamaa na walimu watakaopenda kufanya matembezi ya namna hii, haya ndiyo niliyojifunza. Ombeni ruhusa ya ofisi ya misitu ya wilaya. Nendeni mapema, mrudi kabla ya jua la utosi. Chukueni maji, kofia na nguo za mikono mirefu. Masweta ya buluu na meusi yaacheni nyumbani, maana rangi hizo huwavuta mbung'o. Na wazee wa Buha hawajasahau malale. Mpateni mwenyeji anayeujua msitu. Na msiende na watoto wengi kuliko mikono ya kuwaangalia.

Kuna haja ya kuharakisha. Miombo ya Kasulu na Kibondo imebeba mzigo mkubwa wa kuni, mkaa na mashamba mapya, wa wenyeji na wa wakimbizi waliopokewa hapa, tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996. Mzee wetu alisema kwamba mizinga yake ya sasa iko mbali zaidi kuliko ya ujana wake. Na kwa upande wa watoto, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya elimu kama wenzao. Sheria yaweza kumfikisha mtoto darasani. Kumtoa nje ya nyumba siku ya Jumamosi ni kazi ya baba, mama na jirani.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Kasulu na Kibondo miti ingalipo. Yule binti amebakiza fundo la nne, na kamba imekunjwa stoo ya shule ikingoja siku.