Mtoto mmoja, siku mbili

Katika vijiji vyetu vya Bushi, mtoto akivimba miguu na nywele zake zikigeuka rangi, twasema ana bwaki. Zamani wengi walidhani ni uchawi. Kumbe ni chakula kisichotosha: tumbo limejaa bugali wa mihogo, lakini mwili umekosa maharagi, sambaza na mboga.

Sisi akina mama wa parokia tulifundisha kupika siku ya Jumanne. Dispanseri ilipima watoto siku ya Ijumaa. Mama mmoja wa mlimani alikuja siku zote mbili, kisha akaacha. Tulimwita mvivu. Tulipomwendea, tulimkuta shambani, na mtoto wake amekwisha kuvimba. Akatuuliza: «Siku nilizokuja kwenu, nani alinilimia?» Tukanyamaza kwa haya.

Tangu hapo mzani na chungu vimewekwa pamoja, siku moja, karibu na kanisa. Mtoto mwenye miezi 6 hadi miaka 5, ambaye mkono wake haufiki milimita 115 kwa kuuzungusha, hupelekwa kwa mganga papo hapo. Vivyo hivyo kila aliyevimba.

Mtoto yule alipona. Ndugu wapenzi, tunaotaka kuwasaidia wamama, tupatane kwanza sisi kwa sisi.