Krismasi ya kuhesabiwa: Nilichojifunza kwenye jani la isale

Kila ikifika Desemba, wenzangu ofisini hurudia utani ule ule. "Vipi, mnaenda lini kuhesabiwa?" Kama wewe ni Mchagga unayeishi Dar es Salaam, utani huu unaujua. Wanasema tunarudi Kilimanjaro kuhesabiwa, na asiyeonekana anafutwa kwenye daftari la ukoo. Huwa nacheka, najibu kwamba namba yangu iko salama, kisha nakimbilia tiketi kabla mabasi hayajajaa.

Mwaka jana nilicheka kama kawaida, lakini safari hiyo ilinirudisha mjini nikiwa mtu tofauti kidogo.

Tuliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, mimi na mwanangu wa miaka minne. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same. Pale Himo tukashuka, tukapanda gari dogo hadi Marangu Mtoni. Njiani, mtoto akiwa amelala mapajani mwangu, niliukumbuka ule utani na nikagundua kwamba una uhusiano na Biblia kuliko wanaoutoa wanavyodhani.

Mwinjili Luka, sura ya pili, anaeleza kwamba Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikwe, na kila mmoja akaenda mjini kwao. Yusufu akatoka Nazareti kwenda Bethlehemu, pamoja na Mariamu aliyekuwa mjamzito. Kwa hiyo Krismasi ya kwanza nayo ilianza na watu walio safarini kwenda kwao kuhesabiwa.

Ila kuhesabu watu kuna jambo moja gumu: ndipo unapomwona ambaye hayupo.

Kwetu, kwa miaka mitatu, ambaye hakuwepo alikuwa baba mdogo. Wala hakuwa mbali. Nyumba yake iko ng'ambo ya mpaka wa kihamba, hatua kama hamsini kutoka jikoni kwa mama.

Jioni tuliyofika, mwanangu alisimama kwenye masale ya mpakani, akamwona mzee akiwakatia ng'ombe majani. "Mama," akaniuliza, "yule babu anafanana na babu. Mbona kwake hatuendi?"

Nikamwambia tuingie ndani, kuna baridi.

Maneno yaliyotoka kinywani mwangu

Miaka mitatu iliyopita bibi yetu, mama yao baba, alipata kiharusi. Wakati huo baba alikuwa bado kazini Dar, na aliyekuwa akimwangalia bibi kijijini ni baba mdogo. Bibi alifikishwa hospitali mchana, na baada ya siku nne akafariki.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, nimeanza kuandika habari za afya. Wiki chache kabla nilikuwa nimeandika makala kuhusu kiharusi. Nilijua kwamba mdomo ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu au mtu akishindwa kutamka maneno vizuri, hakuna kusubiri. Nilijua kwamba ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha picha ya ubongo. Nilijua mengi, na nilitaka ijulikane kwamba najua.

Baba aliponipigia simu akilia, nikamwambia: "Baba, angewahishwa mapema, huenda angepona."

Siku ya mazishi, baba aliyarudia maneno yale mbele ya ukoo. Alimwambia mdogo wake kwamba amemuua mama yao kwa uzembe. Baba mdogo hakujibu. Aliweka chini jembe alilokuwa ameshika, akaondoka, na hakurudi.

Kazi yangu inadai kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuandika. Siku ile sikuwa nimemuuliza baba mdogo hata swali moja.

Mtori wa mzazi

Tarehe 24 asubuhi nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi mshare. Nyama ilikuwa inachemka kwenye sufuria ya pili. Nikajua ni mtori, lakini ulikuwa mdogo mno kutosha watu wa nyumbani.

"Binti wa baba yako mdogo amejifungua wiki iliyopita," mama akasema bila kunitazama. "Amekuja kwao kulelewa. Utampelekea."

Nikamwuliza kama baba anajua.

"Ugomvi wa wanaume haumhusu mzazi. Ponda ndizi."

Nikaponda. Kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa mtori, na kama mwandishi wa afya sina la kupinga: ni laini, ni wa moto, una maji, una nyama, na mama anayenyonyesha anahitaji vyote hivyo. Wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ni kipindi cha kumwangalia mama kwa karibu. Damu ikitoka nyingi, homa ikipanda au kichwa kikiuma sana, ni kurudi kituo cha afya mara moja.

Nikiwa naponda, nilimfikiria Mariamu. Luka anasema alimvika mtoto nguo za kitoto, akamlaza horini kwa sababu hawakupata nafasi nyumba ya wageni. Hasemi ni nani aliyempikia. Kila mwaka tunaimba habari za malaika na wachungaji, na nadhani sijawahi kusikia mtu akiuliza kama yule binti alipata hata kikombe cha uji usiku ule. Mama yangu hakuwa amehubiri chochote. Alikuwa ameamua tu kwamba mzazi aliye hatua hamsini kutoka jikoni kwake hatakaa bila mtori.

Nikavuka masale na chupa ya chakula mkononi. Baba mdogo alikuwa barazani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akanyoosha mkono kuelekea ndani, basi.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani. Alikunywa mtori kimya hadi nusu, kisha akaanza kuongea kama mtu aliyekuwa akisubiri miaka mitatu. Akaniambia bibi alilala salama usiku ule. Baba yake ndiye aliyemkuta alfajiri, ameanguka kando ya kitanda, hawezi kusema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na gari walilopigia lilikwama chini. Wakamfunga bibi kwa shuka kwenye kiti cha mbao, wakambeba kwenye tope hadi barabarani. Baba yake aliteleza mara mbili, na mara zote mbili aliangukia magoti ili kiti kisiguse chini.

Nilikaa pale na kifuniko cha chupa mkononi. Mtu akiamka au akikutwa na dalili za kiharusi, madaktari huhesabu muda kuanzia mara ya mwisho alipoonekana mzima. Mara ya mwisho bibi kuonekana mzima ilikuwa usiku wakati wa kulala. Zile saa nne na nusu zangu zilikuwa zimepita kabla hata jogoo hajawika. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Sikuwa nimeuliza tu.

Yai moja mnadani

Siku ya Krismasi kanisa letu la Kilutheri lilijaa hadi nje. Wakati wa sadaka, noti yangu ilikuwa mkononi tayari, na nikakumbuka fundisho la Yesu katika Mathayo sura ya tano: ukiwa unaleta sadaka ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache kwanza, nenda mkapatane, ndipo urudi uitoe. Nimelisikia tangu Sunday school. Niliitoa noti yangu hivyo hivyo, na ilinielemea hadi ibada ikaisha.

Baada ya ibada tukatoka kwenye mnada. Waliokulia kwetu wanaujua: walioleta mazao kama sadaka, vitu vyao vinauzwa pale nje, fedha zinaingia kanisani. Mikungu ya ndizi, kuku, maparachichi, maziwa. Bibi mmoja alikuwa ameleta yai moja. Mtu akalinunua, akalirudisha liuzwe tena. Wa pili akalinunua, akampa mgeni zawadi. Mgeni naye akalirudisha. Yai likazunguka mikono mingi, na kila lilipopita liliongeza kitu.

Mwanangu alicheka sana. "Mama, yai haliishi!"

Mimi nikawaza kwamba neno nalo ni hivyo hivyo. Nililisema mara moja kwenye simu, baba akalichukua akalipeleka mazishini, shangazi wakalichukua, ukoo ukalibeba, na kila mikono ilipopita liliongezeka uzito. Tofauti ni kwamba yai lilitoka kwa mtu aliyetoa alichonacho.

Jani

Mchana ule nilimfuata baba kwenye migomba.

"Baba, yale maneno uliyomwambia baba mdogo yalikuwa yangu. Na hayakuwa kweli." Nikamweleza yote, usiku, mvua na kiti.

Baba alitazama migomba muda mrefu. "Wewe ulinong'ona," akasema mwishowe. "Niliyesema mbele za watu ni mimi." Kisha akaenda zake.

Nikamtafuta shangazi, dada yao mkubwa, nikamwambia nataka kupeleka isale.

Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wenye majani marefu membamba ambao Wachagga hupanda kwenye mipaka ya vihamba. Pia ni jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea, na aliyepelekewa hutarajiwa kusamehe. Nimeuona mmea huu maisha yangu yote, na siku ile ndiyo nilifikiri kwa mara ya kwanza kwamba kinachotenganisha shamba la ndugu na ndugu ndicho hicho hicho kinachowapatanisha. Inategemea tu kama umekiacha ardhini au umekichuma na kukipeleka.

Shangazi alichagua jani, akalifunga fundo, tukavuka. Nilipiga magoti mbele ya baba mdogo nikasema niliyokuwa nayo. Sikusema "kama nilikukosea". Nilisema nilikukosea.

Alilipokea kwa mikono miwili. "Lako nimelipokea, mwanangu. Yameisha." Akanyamaza kidogo. "La kaka yangu silioni."

Shangazi akanigusa bega tuondoke. Njiani akasema, "Umefanya la kwako. La baba yako si lako kulibeba."

Kipande cha nyama

Tarehe 26 ndiyo siku yetu ya kuchinja. Ukoo hukusanyika, na mbuzi anapokatwa kila mtu ana kipande chake kulingana na nafasi yake katika familia. Kwa miaka mitatu baba alikuwa akikata bila kutenga cha mdogo wake.

Siku hiyo alikitenga. Akakiweka juu ya jani la mgomba, na hakuna aliyesema kitu. Kikakaa pale. Watu wakala, wakaimba, mbege ikazunguka. Kipande bado kipo.

Kama saa kumi jioni baba akasimama, akaenda mpakani peke yake. Aliporudi alikuwa na jani la isale. Akaliweka juu ya ile nyama, akamwita mwanangu.

"Njoo, tumpelekee babu yako."

Niliwatazama kutoka mlangoni mwa jiko wakivuka masale, mtoto kashika kidole cha baba. Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika mwiko. Hatukusikia neno hata moja. Baada ya muda mrefu mtoto akarudi anakimbia.

"Babu wa kule amesema mlete chumvi na pilipili."

Kwa mara ya kwanza maishani sikusema lolote kuhusu chumvi na presha. Nilipeleka.

Nimeandika haya kwa sababu wazazi wengi tunaosoma ukurasa huu tutasafiri na watoto sikukuu hizi. Tutawanunulia nguo mpya, tutawapeleka kanisani, tutawafundisha nyimbo za Mtoto Yesu. Ni vizuri. Lakini watoto wanaona pia nyumba ambazo hatuingii, na majina ambayo hatuyataji mezani. Wanajifunza imani yetu hapo kuliko kwenye mahubiri.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kabla ya kufunga begi, jiulize ni nani kwenye ukoo wenu anasubiri neno kutoka kwako, na kama neno lile la mwanzo lilitoka kwako. Huenda kwenu hakuna isale. Kuna simu, kuna bakuli la chakula, kuna kubisha hodi. Na ukienda, usiende kumweleza kwa nini ulikuwa na haki. Nenda ukaulize siku ile ilikuwaje, halafu unyamaze usikilize.

Wenzangu ofisini waliponiuliza Januari kama nilihesabiwa, niliwajibu ndiyo. Sikuwaeleza kwamba safari hii hesabu yetu ilitimia.