Sauti Zinazoning'inia

Katika gazeti letu yamekwisha andikwa mengi juu ya mpira na mbio. Leo naomba nafasi kidogo nieleze habari za ukulele, kinanda kidogo chenye nyuzi nne kinachofanana na gitaa. Kilizaliwa Hawaii, baada ya mafundi wa Kireno kutoka Madeira kufika huko mwaka 1879 pamoja na vinanda vyao vidogo. Changu nalipewa na kaka yangu afanyaye kazi Kampala.

Kodi ni sauti kadhaa zipigwazo pamoja. Kwa wale waimbao kwaya nitasema hivi: kodi ya C ni do, mi, so. Mi ndiyo ituleteayo furaha. Ikishushwa kidogo, huja huzuni. Sasa iondoe mi, uweke fa mahali pake. Hapo husikii furaha wala huzuni. Sauti imening'inia kama embe lililokwisha iva lakini halijaanguka. Sikio linangoja, na ukirudi kwenye mi, moyo unatulia.

Kwa C kazi ni nyepesi. Taabu yangu ilikuwa kodi ya G. Vitabu hutaka kidole cha mwisho kibane uzi wa chini, nafasi ya tatu. Changu cha mkono wa kushoto kilikatwa kwa panga nilipokuwa mtoto, wala hakikunjiki. Mwenzangu mmoja alinishauri niache ukulele, nipige ngoma. Maneno hayo yaliniuma, kwani nilikwisha chaguliwa kuisindikiza kwaya siku ya kuwaaga wakubwa wetu, na wimbo wenyewe ulikuwa na kodi hiyo mara nne.

Wahenga husema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikawaza, je, vitatu? Kwa majuma matatu, kila jioni, nalijaribu njia nyingine. Kidole cha shahada nilikilaza juu ya nyuzi tatu za chini, nafasi ya pili. Cha kati kikabana uzi wa pili kutoka chini, na cha pete uzi wa chini kabisa, vyote nafasi ya tatu. Uzi wa juu nikauacha wazi. Kodi ikalia! Nikiinua cha pete tu, napata G kamili.

Tena nikaona jambo la ajabu. Sauti hizo, yaani G, C na D, ndizo zile zile za kodi ya C ambayo mi yake imegeuzwa kuwa re. Basi kodi moja ina njia mbili za kurudi nyumbani, na mpigaji ndiye achaguaye.

Siku ya kuaga niliishika kodi ya mwisho mpaka ukumbi wote ukanyamaza, ndipo nikainua kidole. Wakubwa wetu wakapiga makofi, na baadhi yao walikuwa wakifuta machozi.

Atakaye kujifunza njia hii ya vidole vitatu na aje bwenini kwetu baada ya chakula cha jioni. Ukulele ni mmoja tu, tutapokezana.