Siku Nne Hazitoshi

Njombe, mwishoni mwa Mei

Mpwa wangu mpendwa,

 

Mama yako amenisomea ujumbe wako kutoka huko Southland, New Zealand: bosi anasafiri, kundi lote anakuachia wewe, nawe umemwahidi kwamba siku ya nne ng'ombe watakuwa wanashiba bitiruti za mifugo. Tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Zao lenyewe silikatai. Mnalipanda Oktoba, na nyasi zinapogoma kuota Juni hadi Agosti, lenyewe lipo shambani linamngoja mnyama, hekta moja ikitoa tani 20 na zaidi za lishe kavu. Ila kiazi chake ni sukari tupu. Tumbo lililozoea nyasi likipokea sukari nyingi kwa ghafla hujaa tindikali, na mnyama huanguka.

Nilipokuwa bwana mifugo, mzee mmoja wa hapa milimani alisahau kufunga ghala la mahindi, ng'ombe wake wakaingia. Nilipofika alfajiri, mtamba wake bora alikuwa chini, macho yamezama, kinyesi maji matupu yenye harufu ya uchachu. Waliokula kidogo tuliwanywesha magadi, wakapona. Yule mtamba hakufika jioni. Mzee akashikilia kuwa amerogwa, hadi nilipompasua tumbo mbele yake akaona punje zilivyojaa.  

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza ni kilo moja ya lishe kavu kwa kila ng'ombe, kisha ongeza kilo moja kila baada ya siku mbili. Hesabu wiki mbili hadi tatu. Wale sileji kwanza, ndipo usogeze uzio wa umeme kuwafungulia bitiruti. Na zao la shambani ulipime kwa mizani. Ukilikadiria kwa macho, unaweza kuwapa maradufu bila kujua.

Bitiruti zina fosforasi kidogo, waongezee madini, maana Agosti wanazaa na homa ya maziwa haibishi hodi. 

Siku nne, mwanangu! Mpigie bosi wako kabla hajapanda ndege, umwambie unahitaji wiki tatu. Akikataa, nipe namba yake nizungumze naye mimi.

Mjomba wako