Kabla mtoto wa Ulaya hajapanda ndege, mwambieni ukweli

Leo siwaletei habari ya barabara wala bei ya unga. Nawaletea habari ya rafiki yangu, mpiga gitaa, anayejitayarisha kuja kuwaona jamaa zake hapa Goma baada ya miaka 12 huko Ubelgiji. Jina lake naliacha. Mama yake ameniruhusu kusimulia, si kutaja.

Tulisoma pamoja Sake, tukaimba kwaya moja. Gitaa alilojifunzia lilikuwa la marehemu baba yake, limepasuka ubavuni na kubandikwa gundi. Alipoondoka 2013 aliliacha limetundikwa ukutani kwa mama. "Nitalikuta," alisema.

Mwezi wa tano aliniandikia kwamba anakuja Agosti, akaniuliza njia. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote: tangu vita vya mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa. Wengi wanaotoka Ulaya wanashukia Kigali, wanapanda basi hadi Gisenyi, kisha wanavuka mpaka. Asisahau kadi ya njano ya chanjo. Benki za mji zilikuwa zimefunga milango mwaka huo wa 2025, basi asitegemee kadi ya benki.

Jambo moja lilimuuma kuliko yote. Kwa kuwa amechukua uraia wa Ubelgiji, lazima aombe viza ili aingie nchi aliyozaliwa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. "Yaani naomba ruhusa ya kumwona mama?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba ndivyo karatasi zinavyosema.

Halafu akanitumia picha ya sanduku lake. Juu ya nguo na viatu vya watoto kulikuwa na pakiti 3 za nyuzi mpya za gitaa. "Hizi ni za gitaa la mzee. Mama anasema bado liko ukutani. Siku ya kwanza, jioni, nitampigia mbele ya nyumba yetu ya Sake."

Nilikaa na simu mkononi bila kujibu. Nyumba ile haina paa tangu mwezi wa pili 2024, mapigano yalipofika Sake na watu wakajaa barabara ya kuja Goma, magodoro kichwani. Mama alitoka na wajukuu wawili na sufuria moja. Gitaa lilibaki, na hakuna aliyeliona tena. Aliishi mwaka mzima chini ya turubai kule Bulengo, hadi mwezi wa pili 2025 kambi zilipobomolewa na watu wakaambiwa warudi makwao. Sasa anapanga chumba kimoja Ndosho. Muda wote huo, kila mtoto wake alipopiga simu, alimjibu: "Tuko salama, nyumba iko."

Nilienda kumwona. "Mama, kijana wako anakuja na nyuzi." Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Ningemwambia nini, mwanangu? Yuko peke yake kwenye baridi. Angekopa, angelia, angeacha kazi. Mwambie gitaa liko kwa fundi."

Nikamjibu kwa heshima: "Unisamehe, mama. Watu wananisikiliza kwa sababu sisemi kisichokuwepo. Lakini habari hii ni yako, si ya redio. Itoke kinywani mwako, kabla hajapanda ndege."

Siku ya tatu alimwita mjukuu amshikie simu, akarekodi ujumbe wa dakika 5. Alitaja yote: nyumba, gitaa, turubai, na mjomba aliyezikwa bila yeye kuambiwa.

Kijana hakujibu kwa siku mbili. Nilitarajia hasira. Alipojibu, naye alitoa siri yake. Sisi hapa tunatazama video zake akipiga gitaa Matonge, mtaa wa Wakongo kule Brussels, amevaa koti zuri. Kumbe muziki ni wa arusi za Jumamosi tu. Siku nyingine anafanya kazi usiku kwenye ghala, anapakia maboksi. Vitu vingi vya sandukuni alivinunua kwa deni. "Niliona aibu kuja mikono mitupu," alisema.

Ndugu zangu, jambo hili liko katika nyumba nyingi. Wa huku anaficha njaa, wa kule anaficha uchovu, na wote wanaficha kwa upendo. Lakini matokeo yake ni haya: wa kule anatuma viatu wakati shida ni kodi ya nyumba, na wa huku anaagiza televisheni akidhani kule pesa zinaokotwa. Siku ya safari siri hizo mbili zinakutana mlangoni, mbele ya majirani, na furaha inageuka ugomvi.

Sasa wamepanga upya. Nguo nyingi zimerudishwa dukani, na pesa hiyo itakuwa garanti ya nyumba ya vyumba viwili. Mama amewaambia mashangazi na binamu wasiagize kitu. Kuhusu kufika Sake, wataamua akiwa hapa, kwa kuangalia hali ya siku hiyo. Nyuzi anakuja nazo, maana kwaya ya jirani ina gitaa lililobakiwa na nyuzi nne.

Nilimuuliza kama bado anataka kuja, hata nyumba ikiwa haipo. Akasema: "Franco alifia hapa Ubelgiji 1989, akarudi Kinshasa ndani ya jeneza. Mimi nataka kurudi nikitembea, mama akiwa hai. Nyumba ni pale alipo yeye."

Kwa hiyo ninyi mlio na mtoto mbali, hasa mliohama makwenu, msingoje afike mpakani ndipo ajue. Mwambieni mapema mnalala wapi, nani amefariki, mnahitaji nini kweli. Na ninyi mlioko kule, semeni mnachopata na msichopata.

Viza yake bado haijatoka. Mama anauliza kila asubuhi. Chumba chake kina godoro moja tu, naye ameniomba niwaulize: mwenye kitanda cha kuazima kwa wiki tatu mwezi wa nane, pale Ndosho au karibu, afike kwetu redioni.